Kadi Isiyo na Uso

"Mama Lenah, huyo msichana wako huwa anaongea na nani huko nyuma ya jikoni?"

Jirani yangu Nyaruai, ambaye watu wa mtaa wetu wa Matisi humwita Mama Kinyua, aliniuliza swali hilo asubuhi moja mwaka wa 1990, tukianika nguo kwenye kamba moja. Nilicheka kidogo nikamjibu, "Ataongea na nani? Si ni kukariri masomo tu." Lakini nilijua si masomo. Hata mimi nilikuwa nimemsikia.

Msichana huyo ni Nakhungu, mtoto wa mdogo wangu Edah. Edah alipofariki huko Bungoma aliacha watoto wawili: Wabwile, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, na Nakhungu, aliyekuwa na kumi. Wazee walikaa wakaamua. Mvulana abaki na babake, kwa kuwa boma lile litakuwa lake. Msichana aletwe Kitale kwangu, kwa maana mimi ni mjane, Mungu hakunijalia mtoto (huyo Lenah ni mimi mwenyewe), na nyumba yangu ilikuwa na sauti ya cherehani peke yake. Hakuna aliyewauliza watoto wenyewe. Hata mimi sikuwauliza.

Siku ya kuachana, Wabwile alitoa kadi zake. Miaka ile chingamu ziliuzwa na kadi ndogo ndani yake. Mbele ya kadi palikuwa na picha ya mchezaji wa mpira, na nyuma paliandikwa jina lake, umri, urefu na mabao aliyofunga. Wavulana walizipenda kuliko chakula. Wabwile alikuwa nazo thelathini na nne. Alizipanga kitandani akazigawa, moja yako, moja yangu, mpaka kila mmoja akawa na kumi na saba. Iliyokuwa nzuri kupita zote, ya mchezaji mwenye jezi nyekundu anayepiga mpira mguu ukiwa juu, aliitia katika fungu la dada yake.

Nakhungu aliziweka kadi hizo katika mkebe wa maziwa ya unga. Kila siku ilikuwa vilevile. Alichota maji, akafagia, akaenda shule. Akirudi alisaidia kutia vifungo katika sare nilizoshona, kisha akaenda nyuma ya jikoni na mkebe wake. Hapo alizipanga kadi juu ya gunia na kuzisemesha. "Wewe umekula nini leo? Na wewe, nani amekupiga?" Hakuwa na mwingine wa kumwuliza. Shuleni, darasa la sita, walimcheka kwa jinsi alivyotamka maneno, na wakati wa mapumziko alisimama peke yake karibu na tangi la maji. Nililijua hilo kwa sababu siku moja nilipita njia ile nikamwona. Nilimpungia mkono. Alijifanya hakuniona.

Kisha mafuta ya taa yakaanza kwisha upesi. Mimi ni mtu wa kuangalia vitu vyangu. Nikitia mafuta Jumatatu najua yatafika siku gani. Sasa yalikuwa hayafiki. Nikanyamaza, nikaendelea kuangalia.

Mwezi wa Mei Nakhungu alikuja nyumbani akikimbia. Tangu aletwe kwangu sikuwa nimemwona akikimbia.

"Mama mkubwa! Kutakuwa na maonyesho ya sanaa ya shule, mwezi wa sita. Mwalimu Kimaiyo atachagua mwanafunzi mmoja aende naye na kazi yake. Ati mada ni mtu ninayempenda. Na unajua ni wapi?"

"Wapi?"

"Bungoma!"

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Wabwile alikuwa Bungoma, na kwa miaka miwili hawakuwa wameonana.

Baada ya siku tatu aliniletea picha. Ilikuwa ya mvulana anayepiga mpira, mguu mmoja juu, jezi ikipepea. Miguu ile ilikuwa imechorwa vizuri mno, hata magoti yalionekana yana mifupa. Chini aliandika: "Kaka yangu Wabwile." Nilimsifu. Jumatano nilipoenda kanisani kwa maombi ya akina mama, niliwaeleza wenzangu wote kwamba nina mtoto mwenye kipawa.

Alhamisi nilipokung'uta godoro lake nilipata karatasi chini yake. Ilikuwa imepakwa mafuta ya taa mpaka ikawa kama kioo. Ukiiweka juu ya kitu, unaona kila mstari kwa chini. Juu yake kulikuwa na mchoro wa penseli wa yule mchezaji wa jezi nyekundu, kama alivyo kwenye kadi, ila ameongezwa ukubwa kidogo kwa kusogeza mistari nje. Watoto wa shule wanaujua ujanja huo tangu zamani. Niliikunja karatasi ile nikairudisha mahali pake. Nilijiambia ni mambo ya kitoto. Kusema kweli, nilitaka aende akamwone kaka yake.

Mwalimu Kimaiyo aliichagua picha hiyo mbele ya darasa zima. Siku hiyo Nakhungu alirudi na tabasamu, lakini pia na maneno ya mvulana mmoja aitwaye Kipruto.

"Kipruto amesema nini?" nikamwuliza.

"Amesema, 'Ati kaka yako? Huko Bungoma kwenu anavaa viatu vya njumu? Na soksi mpaka magotini? Hebu tuambie anachezea timu gani ya Ulaya, bana!' Wote wakacheka."

"Na wewe ukajibu nini?"

"Nikasema zilikuwa za kuazima."

Aliendelea kushona kifungo. Nami niliendelea kukanyaga cherehani. Sasa tulikuwa na uongo mara mbili ndani ya nyumba, na tulikuwa tumekaa nao kama wageni tuliowapikia chai.

Nakhungu alikuwa amemwandikia kaka yake kuhusu maonyesho. Jibu lilifika siku nne kabla ya safari, kupitia sanduku la posta la shule. Aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni, kisha akakaa chini polepole.

"Nipe niisome," nikasema. Wabwile alikuwa ameandika hivi: "Dada yangu, nimefurahi sana. Siku hiyo nitakuja na marafiki zangu watano. Nimewaambia dada yangu amenichora mimi mwenyewe na picha imeshinda Kitale nzima. Wengine hawaamini, lakini wataona."

"Si ni habari njema?" nikamwuliza.

Alichukua barua akaikunja. Hakula ugali. Baadaye, nilipokuwa nikitoa vyombo, alisema kwa sauti ndogo, "Ataijua."

"Nani ataijua nini?"

"Wabwile. Ile picha ni kadi yake. Ile ya jezi nyekundu. Alikuwa anaipenda kuliko zote, anajua mpaka kidole cha yule mtu. Akiiona tu atajua. Na atakuwa na watu watano."

"Basi chora nyingine. Siku nne si zipo?"

"Nimejaribu." Alienda akaleta daftari. Kurasa tisa zilikuwa zimefutwa na raba mpaka zikachanika. "Sauti yake naikumbuka. Na vile anavyopiga chafya. Lakini nikitaka kuchora uso, unakuja uso wa kadi. Mama mkubwa, sikumbuki masikio ya kaka yangu."

Alilia bila sauti, kama mtu mzima. Nilikaa karibu naye kwenye kigoda.

"Nakhungu, ile karatasi ya mafuta mimi niliiona."

Aliinua kichwa. "Uliiona? Mbona hukusema?"

"Nilitaka uende Bungoma."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nimekemewa na watu wengi maishani, lakini hakuna aliyenikemea kama mtoto yule kwa macho yake. Tuliomba pamoja, maombi mafupi. Sikuomba picha ishinde. Niliomba tu nguvu za kutembea mpaka shuleni asubuhi.

Tulimkuta Mwalimu Kimaiyo kwenye veranda ya ofisi ya walimu akitia alama madaftari. Alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa Cherangany, mpole, mwenye chaki kwenye mikono ya koti.

"Karibu, Mama. Umekuja kutushonea mapazia?"

"Leo si mimi ninayesema, Mwalimu. Ni huyu."

Nakhungu aliweka ile kadi juu ya meza. "Mwalimu, sikuchora kaka yangu. Nilinakili huyu. Kwa karatasi ya mafuta."

Mwalimu aliichukua kadi, akaitazama, akaigeuza, akaiweka. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakiimba irabu.

"Siku ulipoileta picha yako, ilinuka mafuta ya taa," alisema mwishowe. "Nilijiambia ni koroboi ya nyumbani. Shule hii haijawahi kupeleka kitu chochote kwenye maonyesho, na nilitaka sana tupeleke. Kwa hiyo sikuuliza. Nilipaswa kuuliza." Akamrudishia Nakhungu kadi. "Unajua kwamba hutaweza kwenda?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kikapu cha mwenzako Jepkemboi kitaenda, kile cha maganda ya mahindi. Amekisuka mwenyewe, vidole vyake vimejaa mikato." Kisha akamtazama vizuri. "Sasa nisikilize. Mikono yako ni mizuri. Karatasi ya mafuta haikukupa mikono. Kinachokosekana ni macho. Wewe hutazami watu, unatazama kadi. Kuanzia leo, chora mtu aliye mbele yako. Usichore unachojua kumhusu. Chora unachokiona."

"Watu hawataki kukaa na mimi, Mwalimu."

"Waombe."

Tulipoanza kuondoka alituita. "Kaka yako atakuja kukutafuta huko. Nimpelekee ujumbe gani?"

Jioni hiyo Nakhungu aliniomba kipande cha kadibodi, ile ngumu inayowekwa ndani ya shati jipya. Alikikata sawa na ukubwa wa kiganja. Upande wa mbele alichora mpaka wa rangi ya buluu pande zote nne, kama kadi za chingamu, na katikati akaacha patupu. Upande wa nyuma aliandika:

"Jina: Wabwile Wakhungu. Umri: miaka 14. Urefu: alikuwa ananipita kwa kichwa, sasa sijui. Nafasi: kipa, bila viatu. Mabao aliyofungwa: mengi.

Picha niliyokuandikia si wewe. Niliinakili kwa kadi uliyonipa. Nimesahau uso wako. Njoo nikuchore."

Mwalimu Kimaiyo na Jepkemboi walikwenda Bungoma wakarudi baada ya siku mbili. Nakhungu alimsubiri mwalimu langoni.

"Nilimwona," Mwalimu alimwambia. "Alikuja na wenzake watano, wakatazama kuta zote. Nilimwita nikampa kadi yako. Aliisoma. Wenzake wakaanza kucheka, akaitia katika mfuko wa shati akaondoka."

"Hakusema kitu?"

"Hakusema kitu, Nakhungu."

Wiki zilizofuata zilikuwa nzito. Hakuna barua iliyokuja. Mtoto aliacha kuongea nyuma ya jikoni, na kimya kile kikaniumiza kuliko maneno yake kwa kadi. Mimi mwenyewe nilijua kimya cha namna hiyo. Mume wangu alipofariki nilikaa nacho miaka mitatu. Lakini kitu kimoja alikifanya kila siku bila kukosa. Alitoka na vipande vyake vya kadibodi kwenda kuomba watu wakae.

Wa kwanza alikuwa Mama Kinyua, aliyekuwa akikaanga mandazi. Picha ya kwanza ilifanana na mbuzi. Ya pili pia. Ya tano Mama Kinyua aliichukua kwa mikono yenye unga.

"Mbona umenipa pua kubwa hivi?"

"Ndivyo ilivyo, Mama."

"Ngai! Huyu mtoto!" Akaitazama tena. "Wacha ikae. Ni pua ya babangu." Nyuma ya kadi Nakhungu alikuwa ameandika: "Urefu: amekataa kusema. Mandazi: mia mbili kwa siku. Nafasi: mshambuliaji." Mama Kinyua alicheka mpaka mandazi yakaungua, akaibandika kadi ile ukutani kwa gundi ya unga.

Alimchora fundi viatu wa mtaa wa Kipsongo, ambaye alikubali kwa sharti asiache kazi, kwa hiyo picha ikawa ya utosi wake. Alimchora mama mmoja wa Kachibora anayeleta kabichi sokoni, na kwa kuwa mama huyo alisogea kila mara, alichora mikono yake tu. Alipokosea alichana, akaanza upya. Vidole vilikuwa vyeusi kwa risasi ya penseli hata siku za Jumapili.

Shuleni Kipruto alikuja karibu na tangi la maji. "Wewe, nasikia unachora watu. Nichore mimi nikiwa na njumu."

"Huna njumu."

"Si uziweke tu?"

"Siweki kitu ambacho hakipo."

Kipruto alifikiri. "Haya, chora basi miguu hivyohivyo. Lakini usiweke huyo funza wa kidole gumba." Alikaa mapumziko yote bila kusogea, na kesho yake wakaja wengine wawili. Tangu siku hiyo hakusimama tena peke yake, ingawa nyumbani bado alitazama njia ya posta.

Mwishoni mwa Julai, Jumamosi, nilisikia njuga. Nilidhani ni mchezo wa watoto, lakini zilikuja mpaka mlangoni kwangu. Kwetu Bungoma, mvulana anayejiandaa kutahiriwa huzunguka kwa jamaa zake akizipiga, kuwaalika kwa siku yake mwezi wa Agosti. Wabwile alisimama pale na wenzake wawili, njuga mikononi, vumbi la lori la mahindi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amerefuka. Sikumtambua kwa haraka. Nakhungu pia alisimama nyuma yangu bila kusogea.

"Mama mkubwa, nimekuja kuwaalika," alisema kwa sauti nzito ambayo hakuwa ameizoea bado.

"Tumesikia, mwanangu. Tutakuja."

Wenzake niliwapeleka kwa Mama Kinyua wapate chai. Niliporudi, ndugu hao wawili walikuwa wamekaa pande mbili za meza kama watu wanaosubiri daktari. Kisha Wabwile akatia mkono mfukoni akatoa ile kadi yenye mpaka wa buluu. Pembe zake zilikuwa zimelainika kwa jasho.

"Wale walinicheka siku tatu," alisema.

"Pole," Nakhungu akajibu.

"Nilikasirika sana. Nilitaka kuitupa. Lakini kila nikiisoma, naona wewe tu ndiye unayekumbuka kwamba mimi ni kipa." Aliisukuma kadi juu ya meza. "Mimi niko hapa. Chora. Baada ya Agosti nitakaa ndani na watahiriwa wenzangu mpaka Disemba, na nikitoka nitakuwa mtu mwingine."

Nakhungu alichukua penseli, akaiweka. "Na nikikosea? Kadi ni moja."

Hapo ndipo niliposema. "Nakhungu, picha ya kwanza haikuwa na kosa hata moja, na ilitaka kukuharibia ndugu. Hii ikiwa na kosa, litakuwa kosa lako, umelipata ukifanya kazi, na utajua kulirekebisha. Kaka yako hakuletwa hapa na miguu mizuri ya mchezaji. Ameletwa na maneno ya kweli uliyoyaandika nyuma ya kadi tupu, ukijua yatakuaibisha. Mimi na mwalimu wako ni watu wazima, tulinyamaza. Wewe ulisema. Usiogope sasa. Mtazame."

Akamtazama. Sijawahi kuona mtu akitazamwa hivyo. Alimtazama paji la uso, masikio, kovu dogo la kidevuni ambalo mimi sikulijua. Kuku waliingia wakatoka. Wabwile hakuchezesha hata njuga. Karibu saa mbili zilipita.

"Nimemaliza," Nakhungu akasema, akamgeuzia.

Nilisogea nami nikatazama juu ya bega lake. Alikuwa Wabwile, kweli kabisa, na sikio moja lilikuwa juu kidogo kuliko lingine. Lakini macho yale yaliyoachana, na ule mdomo unaotaka kusema kisha ukaacha, hayakuwa yake peke yake. Mama yao Edah hakuwahi kupigwa picha, isipokuwa ile ya kitambulisho, nayo ilipotea siku za msiba. Kwa miaka miwili hakuna aliyekuwa ameuona uso wake.

"Sikutaka kumchora mama," Nakhungu alinong'ona. "Nilichora ninachokiona."

Wabwile aliishika kadi kwa mikono miwili. "Mama," alisema. Akaiweka mezani taratibu, ikielekea kwa dada yake ili naye amwone, akainuka, na akatoka nje kujifuta macho.